Binamu anataka Masirah mwezi wa Julai, mama mdogo hataki hata kusikia

Mjomba, shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 27, mzaliwa wa Jambiani, Unguja. Nipo Maskati mwaka wa pili sasa, nafanya kazi hotelini na nakaa kwa mama yangu mdogo ambaye ameolewa huku tangu zamani. Kabla sijaja nilikuwa nafundisha wageni mchezo wa kaiti, ule wa kuteleza majini ukivutwa na tiara, pale Paje, na ubao wa kupandia mawimbi nao naujua, ingawa si ujuzi wa kujisifia.

Nina binamu yangu, mtoto wa ami, yeye kazaliwa hapa hapa. Ana Land Cruiser na ana mdomo. Amepanga twende kisiwa cha Masirah wiki ya pili ya Julai: watu wanne, gari moja, mbao nne juu ya paa. Anataka tutoke Alhamisi jioni baada ya kazi, tuendeshe usiku kucha ili asubuhi tuwahi kivuko cha Shannah. Tena hataki kufuata lami mpaka mwisho. Ameona video ya watu waliokata kupitia nyika tupu ya pwani, Barr al Hikman, wakalala ufukweni peke yao, basi naye anataka hivyo hivyo. Nikimuuliza kwa nini Julai, ananionesha utabiri wa mawimbi kwenye simu: "Tazama, mita tatu!" Nikimuuliza habari ya njia, ananijibu, "Gari langu, mafuta yangu."

Mama mdogo ameshatoa hukumu. Yeye alikuwepo kimbunga cha Gonu kilipokuja mwaka 2007, maji yakawaingilia nyumba ya chini na mazulia yote wakayatupa. Tangu siku hiyo ukimtajia bahari katika miezi hii anakukata kauli. Aliniambia, "Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Huendi." Siku mbili baadaye, tupo jikoni anamenya vitunguu thomu, akasema bila kuniangalia, "Na ukienda, uniletee nguru wa Masirah. Lakini si kwa gari la yule." Mpaka leo sijui kama kakubali au kakataa.

Kuna na jambo jingine ambalo sijamwambia mtu. Mimi sijawahi kuingia kwenye bahari isiyo na mwamba. Wenzangu nimewaambia nimeteleza kila mahali, nao wameamini kwa sababu natoka Paje. Sasa naona aibu kurudi nyuma. Nifanye nini, mjomba? Kwenda nataka.

Mpanda Ubao, Maskati

* * *

Marahaba, mpwa wangu.

Suala la nguru nitalirudia mwisho, maana lina mtego wake. Kwanza hilo uliloliweka mkiani mwa barua, kwa sababu ndilo lililokufanya uandike. Umezunguka mji mzima kabla ya kufika mlangoni.

Pale Paje mwalimu wako alikuwa mwamba. Wimbi linatoka bahari kuu limejaa, linapiga mwamba kule mbali, linakufa, na wewe huku ndani unabaki na maji ya kiunoni unayacheza utakavyo. Ukianguka unasimama. Maji yakipwa unarudi nyumbani kwa miguu huku ukipishana na kina mama wa mwani. Pwani ya mashariki ya Masirah, ile inayoitazama Bahari ya Arabuni, kwa sehemu kubwa haina mlinzi wa namna hiyo. Wimbi linakuja mpaka mchangani, na maji yote yaliyopanda lazima yatafute pa kurudia. Yanarudi kwa mkondo mwembamba, na juu ya mkondo ule panaonekana pametulia, hapana povu, hapana fujo. Mgeni hupachagua hapo hapo kuingilia, akidhani ndio mlango. Ukijikuta umebebwa, usishindane na mkondo kurudi ufukweni. Ushike ubao wako, uogelee sambamba na ufukwe mpaka utoke kwenye njia yake, ndipo urudi na mawimbi. Hili unalijua kichwani, najua. Nataka mikono yako nayo ilijue kabla hujafika mahali ambapo ufukweni hakuna mtu wa kukuona.

Sasa Julai. Upepo mnaoufuata huko ni wa kwenu. Ni kusi ile ile inayopiga Jambiani muda huu na kuwakimbiza watalii wa ufukweni. Ikivuka ikweta inapinda kulia, inapanda na pwani ya Kenya na Somalia huku ikizidi kasi, kisha inaifikia Oman ikitokea kusini-magharibi. Wataalamu wa hali ya hewa wana jina la mkondo huo wa hewa, wanauita wa Findlater, kwa jina la mtu aliyeueleza kitaalamu miaka ya 1960. Wenyeji wao wanakwambia tu ni khareef. Masirah ikiwa katikati ya khareef, upepo wa kilomita 40 kwa saa si habari ya kumshangaza mtu, na haupumziki mchana wala usiku. Kwa kaiti ni neema, ndiyo maana watu wa kaiti wanakifuata kisiwa kile kutoka nchi za mbali. Kwa ubao mtupu ni tabu. Mchanga unatembea usawa wa vifundo vya miguu na unaumiza kama sindano, hema linapiga makofi usiku kucha, na chai haifiki mdomoni bila kupata utando wa vumbi.

Mita tatu za kwenye simu ya binamu pengine ni za kweli. Lakini mwambie asiangalie mita peke yake, aangalie na sekunde baina ya wimbi na wimbi, zimeandikwa hapo hapo pembeni. Mawimbi yanayofuatana kila baada ya sekunde saba au nane chini ya upepo mkali ni bahari iliyokasirika tu: linakuangukia la kwanza, hujapata pumzi, la pili lipo kichwani. Yaliyosafiri kutoka mbali yakajipanga, sekunde kumi na moja au kumi na mbili, hata yakiwa mita moja na nusu yanakupa nafasi ya kupiga makasia kwa mikono, kusimama, na kufikiri.

Na jiulize swali moja: wazee wetu walipita lini pale? Majahazi ya Sur, bandari ya Oman, yalikwenda Unguja kwa kaskazi na kurudi kwa kusi, lakini hayakurudi kwa kusi yoyote tu. Walirudi kusi ikiwa changa, Aprili na Mei, au wakangoja ilegee, mwishoni mwa Agosti na Septemba. Juni na Julai vyombo vilipandishwa pwani na watu wakakaa na wake zao. Nahodha aliyekuwa na roho ya kuvuka bahari mpaka Kilwa kwa tanga moja aliiogopa Julai ya Masirah. Binamu yako ana hoja gani kuliko yeye?

Kwa hiyo mimi nasema Septemba, wiki ya pili au ya tatu. Upepo unakuwa umeanza kuchoka, ndiyo demani yetu hasa, na bahari bado inakumbuka mawimbi. Atakwambia ni madogo. Kweli ni madogo, na ndiyo saizi yako.

Hata Septemba, bebeni suti za mpira. Hili huwashangaza wengi wanaotoka Maskati, wameacha joto la nyuzi arobaini nyumbani, wameona jangwa njia nzima, wanafika wanajitupa majini kwa kaptula, baada ya robo saa midomo imewageuka rangi. Upepo ule unayasukuma maji ya juu kuelekea baharini, na mahali pake yanapanda maji ya kilindini, baridi. Ndiyo maana bahari ile ina samaki wengi namna ile, kwa sababu maji ya chini yanapanda na chakula chao. Suti ya milimita mbili au tatu inatosha. Nta ya ubao nayo nunua ya maji ya baridi kidogo, si ile uliyozoea ya Paje.

Halafu, kabla ya Masirah, nendeni Al Ashkharah.

Najua hii itamuudhi binamu kuliko yote, maana haina kivuko wala sifa ya kisiwa. Lakini ni mji wa wavuvi ulio kilomita mia tatu na kitu kutoka Maskati, lami mwanzo mwisho, una petroli, una maduka, una watu. Khareef ile ile inaufikia, na mawimbi yanaingia kwenye ufukwe mrefu wa mchanga. Nilikwenda miaka kadhaa nyuma na vijana wawili wa nyumbani. Alfajiri, kabla upepo haujaamka sawasawa, wavuvi walikuwa wanasukuma mashua zao kwa pikapu, gari linarudi kinyumenyume mpaka maji yanafika kwenye taa za nyuma, mashua inaelea, dereva anatoka mbio kabla wimbi halijamrudia. Mzee mmoja alisimama akawatazama vijana wangu wanavyovaa suti. Akauliza kwa Kiarabu wanavua nini na hayo mabao. Tukamwambia hawavui kitu, wanacheza. Akafikiri. Kisha akasema kwa Kiswahili kizuri cha Mjini, kuliko changu, "Basi wasiingie pale penye maji meusi. Pale panavuta." Alikulia Malindi ya Unguja, baba yake alikuwa na duka. Maji meusi aliyoyasema ndiyo ule mkondo niliokueleza hapo juu, na mimi nilikuwa nimesimama nautazama muda wote nisiuone.

Kaa siku mbili hapo. Siku ya kwanza usitoke nje ya povu. Mawimbi yakishavunjika, cheza na mabaki yake, anguka, uone maji yanavyokuvuta miguu yakirudi. Ukitoka Ashkharah unajiamini, Masirah haikimbii. Kina urefu wa kilomita kama 95 kisiwa kile, fukwe hamzimalizi.

Njia ya mkato ya Barr al Hikman usikubali. Hapa sina la kati na kati. Ile ardhi ni sabkha: juu ukoko wa chumvi, mkavu, mweupe, unapendeza kuliko lami, chini yake tope. Unaendesha dakika kumi unasifu, ya kumi na moja gari linashuka mpaka kwenye ekseli. Mimi limenifika. Harufu inayotoka gari likishavunja ule ukoko ni ya yai viza, huisahau. Tulikuwa na koleo moja, la pili likawa kifuniko cha sufuria ya wali. Kushusha presha ya matairi, ambako kwenye mchanga kunakuokoa (shusha mpaka kati ya PSI 15 na 18, na mbebe pampu ya kujazia kabla hamjarudi kwenye lami), kule kwenye tope hakukutusaidia chochote. Tulichimba toka adhuhuri hadi magharibi. Aliyetutoa ni mvuvi mwenye Hilux na kamba ya nanga, na tulimpata kwa bahati, maana simu hazikuwa na mtandao. Hakutaka hata riali moja. Aliuliza tu kama tumekula.

Kwa hiyo kama mnataka kutoka nje ya lami, popote, ni magari mawili. Gari moja halina wa kulivuta. Kama yapo mawili na hamna uzoefu, bado Barr al Hikman msiikate. Waachieni ndege, wanaifikia kwa maelfu kila majira ya baridi na hawazami. Barabara ya kwenda Shannah ipo, imejengwa, ifuateni.

Habari ya kuendesha usiku ni fupi. Ngamia ana miguu mirefu. Gari likimgonga linamkata miguu na mwili wote, nusu tani, unaingia kwa kioo cha mbele. Ni mweusi usiku na haogopi taa. Tokeni Ijumaa baada ya sala ya alfajiri. Kutoka Maskati mpaka Shannah ni mwendo wa saa tano au sita, mtafika mchana mkiwa na akili zenu, na tiketi za kivuko muwe mmeshaweka kabla. Kivuko chenyewe huchukua kama saa moja na ushei kufika Hilf, mji wa bandari wa kisiwani, ila bahari ikichafuka ratiba hubadilika, kwa hiyo siku ya kurudi msiibane hadi usiku wa kuamkia kazini. Ombeni ruhusa ya siku moja ya ziada. Nawajua nyie watu wa hoteli, mtasema haiwezekani. Ombeni.

Maji, lita tano kwa mtu kwa siku. Nyie ni wanne, mkikaa siku nne ni lita themanini, na hayo ni ya kunywa na kupikia, hamjaosha chumvi. Hilf kuna maduka na petroli, lakini ukishashuka kusini mwa kisiwa ni wewe na upepo. Vitu vingine mtavipanga wenyewe, si watoto.

Ila kwenye fukwe za Masirah usiku msiwashe mataa na msipitishe gari mchangani. Kasa wa vichwa vikubwa wanapanda pale kutaga, ni moja ya sehemu zao kubwa duniani na idadi yao imepungua sana. Septemba vitoto vinaweza kuwa bado vinatoka, navyo vinatafuta bahari kwa kuufuata mwanga. Vikiona taa ya kambi yenu vitaifuata hiyo.

Sasa binamu. "Gari langu, mafuta yangu" ni kauli ya mtu aliyebeba gharama peke yake. Mpeni pesa. Nyie watatu changeni mafuta na kivuko, mumkabidhi mkononi kabla ya safari, halafu mkae mpange. Utaona sauti inavyoshuka. Na mkumbushe kuwa jahazini mwenye chombo alikuwa mmoja na rubani mwingine, na penye miamba mwenye chombo alinyamaza akamsikiliza rubani. Gari ni lake. Saa ya kuondoka, njia, na saa ya kutoka majini zipangwe na mtu mwingine kati yenu, yule mtulivu, kila kundi linaye.

Na la kwako wewe, mwambie hivi hivi, msiwe mbele za watu: "Mimi nimezoea ndani ya mwamba, wimbi la wazi silijui, siku ya kwanza nitakaa kwenye povu." Maneno hayo ni machache na hayana aibu. Pengine atacheka. Mimi nakuhakikishia kwenye kundi la wanne kuna mwingine aliyekuwa anangoja mtu wa kwanza aseme.

Mama mdogo hakukataa. Mwanamke aliyekataa haagizi samaki. Alichokataa ni gari la yule, yaani hamwamini anayeongoza. Na juu ya kimbunga, anayo haki na hana haki kwa pamoja. Gonu ilikuja mwanzoni mwa Juni. Vimbunga vya bahari ile hupenda kutokea kabla khareef haijakolea, Mei na Juni, na baada yake, Oktoba na Novemba. Shaheen nayo ilikuwa Oktoba 2021. Katikati ya khareef upepo wenyewe hauviachi vikajijenga. Kwa hiyo Julai anayoiogopa kwa kimbunga ingefaa aiogope kwa mawimbi, na Septemba yangu iko baina ya majira mawili, lakini wiki ya safari tazameni utabiri wa idara ya hali ya hewa kila siku, mkisikia kuna jambo linajikusanya baharini mnaahirisha, hakuna mjadala.

Usiende kumbembeleza kwa maneno. Mwandikie karatasi. Majina ya wote wanne na simu zao, namba ya gari, njia mtakayopita, mahali mtakapolala kila usiku, siku na saa ya kurudi. Andika na saa utakayompigia kila jioni kutoka Hilf, na chini yake: ikipita saa tatu usiku sijapiga, wapigie polisi 9999 uwasomee karatasi hii. Ibandike kwenye friji, umsomee ukiwa umekaa. Usimfichie hilo la mwamba, naye ni mtu wa pwani, ataelewa kabla hujamaliza. Namjua mama wa aina yake: atauliza nani anaendesha, atauliza mmebeba nini cha kula, halafu atasimama kwenda kuwatia achari kwenye chupa.

Sasa nguru. Kila mwaka Oman inafunga uvuvi wa nguru kuanzia tarehe 15 Agosti mpaka 15 Oktoba, samaki wapate kuzaana. Kwa hiyo ukienda Septemba kama nilivyokushauri, halafu ukamrudia na nguru kwenye barafu, atakuuliza mwenyewe umemtoa wapi, na hapo utakuwa na kesi mbili nyumbani. Mletee jodari. Mwambie kabla hujaondoka kuwa nguru ni mpaka Oktoba, asije akamwambia jirani.